Des Moines kwa macho ya mtu wa Dodoma

Mtu wa Dodoma akifika katikati ya Des Moines, makao makuu ya jimbo la Iowa huko Marekani, Jumapili saa nne asubuhi, swali lake la kwanza litakuwa: watu wamekwenda wapi? Barabara ni pana, maghorofa yamejipanga, taa zinabadilika nyekundu na kijani kwa zamu, na hakuna anayevuka. Hakuna kijiwe cha bodaboda, hakuna mama wa vitumbua, hakuna spika inayotangaza ofa mlangoni mwa duka. Wageni wengi huishia hapo na kurudi nyumbani wakisema mji umekufa. Haujafa. Karibu kila kitu kipo Des Moines, ila hakipo mahali ambapo mtu wa kwetu amezoea kukitafuta.

Nimeichagua Dodoma makusudi. Miji yote miwili ni makao makuu yaliyohamishiwa ndani, kwenye kitovu cha nchi au jimbo: Iowa ilihamisha serikali yake kutoka Iowa City mwaka 1857, na kwetu uamuzi wa kutoka Dar es Salaam ulipitishwa mwaka 1973. Kwa ukubwa pia inakaribiana, ukihesabu vizuri. Sensa ya 2020 iliipa Des Moines yenyewe watu 214,133, ambao ni wachache mbele ya 765,179 wa Jiji la Dodoma katika sensa yetu ya 2022. Lakini ukijumlisha vitongoji vyake unavuka 700,000, na hivyo vitongoji si mitaa kama Area C au Nkuhungu. West Des Moines, Ankeny, Urbandale, Clive, Johnston na Waukee kila kimoja ni mji kisheria, una meya wake na polisi wake. Hapo ndipo mgeni anapopotea mara ya kwanza. Kuna 35th Street ya Des Moines na kuna 35th Street ya West Des Moines, na kati yake ni kilomita kadhaa. Ukiandika anwani kwenye simu, andika mpaka jina la mji na namba ya posta. Usiridhike na namba ya nyumba na mtaa. Herufi za mbele nazo zina maana: E 14th (E ni mashariki) na SE 14th (SE ni kusini-mashariki) ni barabara moja inayoendelea, lakini nyumba namba 2000 ya huku na namba 2000 ya kule ni safari mbili tofauti.

Kufika na kuzunguka

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Afrika, wala kutoka Ulaya. Utaingia Marekani kupitia Chicago, Atlanta, Minneapolis au uwanja mwingine mkubwa, na hapo ndipo utakapokaguliwa na uhamiaji na forodha. Hata kama begi limebandikwa DSM (hapa ni alama ya uwanja wa Des Moines, si Dar es Salaam) tangu Dar, kwa kawaida utalichukua mwenyewe kwenye uwanja huo wa kwanza, upite nalo forodha, kisha ulikabidhi tena upande wa pili wa mlango. Anayesahau hatua hiyo hufika Des Moines mikono mitupu. Muda wa kubadili ndege usiwe chini ya saa tatu. Mstari wa uhamiaji peke yake unaweza kula saa nzima na zaidi.

Treni ya abiria haipo. Kituo cha karibu kiko Osceola, mji mdogo kusini, mwendo wa chini kidogo ya saa moja kwa gari, na treni inayopita ni moja kwa siku kila upande. Mtu aliyezoea kupanda SGR ya umeme kutoka Dar hadi Dodoma tangu 2024 huchukua muda kuamini kwamba makao makuu ya jimbo tajiri la Marekani hayana reli ya abiria. Ndiyo hali. Reli zipo tele, ila zinabeba nafaka na kemikali, na mabehewa yake yanaweza kukuweka kwenye makutano robo saa nzima.

Mabasi ya mji yanaitwa DART, na kituo kikuu kiko Cherry Street, karibu na katikati. Nauli ya kawaida imekuwa dola 1.75 kwa miaka. Mashine iliyo pembeni ya dereva hairudishi chenji: ukitumbukiza noti ya dola tano, imekwenda. Hakuna konda wala kupiga bodi. Unavuta kamba ya pembeni ya dirisha kabla ya kituo chako. Ugumu uko kwenye ratiba. Daladala ya Majengo hungoji dakika kumi, lakini huku njia nyingi hupita kila nusu saa au kila saa moja, jioni zinapungua, na Jumapili baadhi hazipo kabisa. Basi la saa moja na dakika kumi na mbili huondoka saa moja na dakika kumi na mbili. Fika kituoni dakika tano kabla. Ukiona dereva anafunga mlango usimkimbilie ukipiga kofi ubavuni mwa basi. Kwetu ni kawaida, huku atapiga simu polisi.

Kwa hiyo wenyeji wanaendesha. Ukikodi gari, kumbuka unakaa upande wa kulia wa barabara, na hatari haiko barabara kuu bali pale unapotoka maegesho asubuhi, akili bado iko Dodoma. Kuna mambo matatu ambayo hayapo kwetu. La kwanza, taa nyekundu hukuruhusu kukata kulia baada ya kusimama kabisa, isipokuwa kuna kibao kinachokataza. La pili ni makutano yenye alama ya kusimama pande zote nne: anayefika kwanza ndiye anayeondoka kwanza, na mkifika pamoja aliye kulia kwako anatangulia. Hakuna trafiki, hakuna honi, na watu wanafuata. Mgeni anayengoja apungiwe mkono huzuia msafara wote. La tatu ni basi la njano la shule. Likiwasha taa nyekundu na kutoa mkono wenye alama ya kusimama, unasimama. Iowa iliongeza adhabu ya kosa hilo mwaka 2012 baada ya mtoto kugongwa na kufa, na hapo hakuna faini ndogo ya kujadiliana. Tangu Julai 2025 kushika simu mkononi ukiendesha ni kosa pia.

Watu wako juu

Ukitaka kuwaona watu wa katikati ya mji, panda ghorofa ya kwanza. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 Des Moines imejenga madaraja ya vioo yanayounganisha jengo na jengo juu ya barabara, na leo mtandao huo una urefu wa karibu maili nne. Unaweza kutoka maegesho hadi ofisini, benki, hotelini na mahali pa chakula bila kuvaa koti. Mji huu unaishi kwa bima na fedha, na saa sita mchana siku ya kazi wafanyakazi wa kampuni hizo humiminika humo kama stendi ya Nzuguni msimu wa Krismasi. Saa nane wamerudi mezani. Baada ya saa kumi na moja jioni na siku za wikendi vibanda vingi vya chakula vimefungwa, na baadhi ya milango hufungwa pamoja na jengo lake. Ndiyo maana barabara inaonekana tupu: maduka yaliyopaswa kuwa chini yalifuata miguu ya wateja juu.

Kwa maoni yangu njia hizi zimeharibu barabara za mji huu kuliko baridi yenyewe ilivyoharibu. Lakini hilo ni rahisi kulisema mwezi wa sita.

Jengo la serikali ya jimbo, lile lenye kuba la dhahabu mashariki ya mto, ni pa kwenda siku ya kazi. Lilijengwa kati ya 1871 na 1886, na kuba limepakwa dhahabu halisi ya karati 23, nyembamba mno. Kiingilio ni bure. Unapita kwenye mashine ya ukaguzi mlangoni, basi. Huhitaji mwaliko wa mbunge wala barua. Kuanzia Januari hadi masika wabunge wa jimbo wakiwa kwenye kikao unaruhusiwa kukaa juu na kuwatazama wakibishana kuhusu mbolea. Ziara za bure zenye mwongozaji hukupandisha hadi ndani ya kuba, kwa ngazi nyembamba zisizofaa mtu mwenye kizunguzungu.

Mahindi kila mahali, unga hakuna

Toka mjini dakika ishirini upande wowote na mahindi yanaanza: mistari iliyonyooka, mimea yote kimo kimoja, hakuna gugu. Iowa huongoza Marekani kwa mahindi karibu kila mwaka. Mgeni wa Kitanzania hujiambia kwamba ugali hautamshinda hapa. Kisha anaingia supamaketi na kukuta hakuna unga.

Sababu ni kwamba mahindi yale si chakula cha watu. Ni mahindi ya njano ya kukomaa, magumu, na zaidi ya nusu yake huenda viwandani kutengenezwa ethanoli, yaani mafuta ya gari. Sehemu kubwa ya yaliyobaki ni chakula cha mifugo. Jimbo lenye watu zaidi kidogo ya milioni tatu lina nguruwe zaidi ya milioni ishirini. Kwa hiyo mahindi ya Iowa utayala, lakini yakiwa yamepitia kwa nguruwe, au utayachoma kwenye tangi la gari. Usisimame shambani kuvunja mabua mawili matatu ya kuchoma. Ni mali ya mtu, na yakishakomaa hayatafuniki hata ukiyachoma. Yanayoliwa ni mahindi matamu, yanayouzwa kwa dazeni kando ya barabara kuanzia Julai. Hayo huchemshwa dakika tano na kupakwa siagi. Kwenye mkaa hayatoi ule ugumu na harufu ya mahindi ya kuchoma ya kwetu. 

Sasa unga. Kwenye rafu kuna mifuko mingi inayofanana na kila mmoja una mtego wake, kwa hiyo soma maandishi madogo. Ulioandikwa "corn starch" ni wanga wa kukazia mchuzi. Ulioandikwa "self-rising" umechanganywa hamira ya unga na chumvi, na ugali wake huvimba na kutoa matundu kama keki. "Masa harina" ya Wameksiko ni mahindi yaliyochemshwa na chokaa: yanakandika vizuri kama chapati, yana harufu yake, na ukisonga yanakuwa ulimbo. Unga mweupe wa arepa, kama P.A.N., umeshapikwa kiwandani. Ukiumwagia maji moto unafanya madonge na hauivi zaidi ya hapo. Unaofaa ni "white corn meal" wa kawaida, usio na kingine chochote kwenye orodha ya viambato isipokuwa mahindi na vitamini. Umekobolewa kama sembe, ila punje zake ni kubwa zaidi. Kwa watu wawili chemsha vikombe vitatu vya maji. Koroga robo kikombe cha unga kwenye maji baridi, uumimine humo, uache uji utokote dakika tano nzima ndipo uanze kuongeza unga kidogo kidogo, kama vikombe viwili hivi. Songa, funika, punguza moto, acha dakika nane hadi kumi. Ukikimbilia kuongeza unga kabla uji haujaiva, utapata ugali wenye mchanga mdomoni, na kosa si la unga.

Anayetaka sembe halisi au dona aende maduka ya Waafrika, ambayo yapo kwa sababu wateja wapo. Kiswahili kinasikika Des Moines, hasa kwa Wakongo na Warundi waliokuja kama wakimbizi. Iowa ina historia hiyo: mwaka 1975 gavana Robert Ray alikubali kuwapokea Watai Dam, kabila la Kusini-Mashariki mwa Asia, waliokimbia Laos, na wengine wakafuata. Ndiyo sababu supamaketi za Kiasia za hapa ni kubwa kuliko unavyotegemea. Humo utapata mihogo ya kugandishwa, bamia, ndizi mbichi, samaki wazima wenye vichwa, nazi iliyokunwa. Kisamvu cha kugandishwa kipo kwa Waafrika, na Mkongo atakuuliza kama unataka sombe au pondu. Ni kitu kilekile. Mtama unauzwa kwa wasiokula ngano, kwenye rafu ya vyakula vya afya, kwa bei ambayo Mgogo akitajiwa atacheka mpaka akae chini.

Kiangazi mambo huwa rahisi. Soko la wakulima la katikati ya mji hufanyika Court Avenue kila Jumamosi asubuhi kuanzia Mei hadi Oktoba, na saa sita mchana linafungwa kweli. Bei haipunguzwi, ukisema "nifanyie" muuzaji atadhani hujaelewa namba. Ukifika saa tano na nusu baadhi hupunguza wenyewe ili wasirudi na mzigo. Kwa mboga za kwetu tafuta wauzaji wa Global Greens, mradi ulioanzishwa na Lutheran Services in Iowa kuwapa wakimbizi mashamba. Wapo Warundi na Wanyarwanda wanaolima mchicha na nyanya chungu, na kwao salamu ya Kiswahili haipotei bure.

Kwenye kituo cha mafuta mahindi yanarudi tena. Petroli ya kawaida ina ethanoli asilimia 10. Ile iliyoandikwa 88 ina asilimia 15, ni senti kadhaa rahisi, na inafaa magari mengi ya mwaka 2001 na kuendelea. Ile ya E85 ina ethanoli kati ya asilimia 51 na 83, na ni ya magari yaliyotengenezwa kwa ajili yake tu, mara nyingi yenye kifuniko cha njano. Bei yake ndogo huwavuta wageni. Ukiijaza kwenye gari la kawaida, taa ya injini inawaka na gari linakosa nguvu. Tena pampu yenyewe itakuuliza namba ya posta ya kadi yako, na kadi ya benki ya Tanzania haina namba ya Marekani ya kutaja. Usihangaike nayo: ingia ndani, mwambie mhudumu namba ya pampu na kiasi, ulipe kwanza. Galoni moja ni lita 3.8 hivi.

Maji

Dodoma tunalalamika kuhusu mgao, maji ya visima vya Makutupora yasiyotosha mji unaokua. Des Moines maji hutoka bombani saa zote na yananyweka. Lakini yana tatizo ambalo kwetu hatulifikirii. Ardhi ya Iowa ilikuwa na unyevu mwingi, kwa hiyo chini ya mashamba yamefukiwa mabomba yenye matundu ya kuikausha, na mabomba hayo hubeba naitreti za mbolea na samadi moja kwa moja hadi mito ya Raccoon na Des Moines, ambako mji unachota. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa ni miligramu 10 kwa lita. Mamlaka ya maji ina mtambo maalumu wa kuziondoa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, na bado Juni 2025 mamlaka ya mkoa mzima, inayohudumia watu wapatao 600,000, ilipiga marufuku kumwagilia bustani kwa sababu mitambo ilikuwa inaelemewa.

Hapa tabia yetu nzuri inageuka. Kuchemsha maji hakuondoi naitreti. Maji yanapungua kwa mvuke, naitreti inabaki, na kiwango kinapanda. Likitoka tangazo la naitreti, mwenye mtoto wa chini ya miezi sita anayetumia maziwa ya kopo anunue maji ya chupa. Likitoka tangazo la vijidudu, hapo ndipo unachemsha. Soma ni lipi kati ya hayo mawili.

Mwaka 1993 mafuriko ya mto Raccoon yaliuzamisha mtambo wenyewe wa maji, na mji ukakaa siku 12 bila kitu bombani. Wazee wa hapa wanaokumbuka kupanga mstari na ndoo wataelewana na mtu wa Dodoma haraka kuliko kwa mada nyingine yoyote.

Baridi

Usiku wa Julai Dodoma ukishuka nyuzi 13 tunatoa masweta. Januari ya Des Moines, nyuzi 10 chini ya sufuri alfajiri ni wastani. Siku mbaya hufika 20 chini ya sufuri na zaidi, kabla hujahesabu upepo. Redio hutaja Fahrenheit: toa 30, gawa kwa mbili, utapata selsiasi ya kukadiria. Namba ya kusikiliza ni ile ya baridi ya upepo. Ikishuka hadi selsiasi 28 chini ya sufuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa, na masikio na ncha za vidole ndivyo vinavyotangulia.

Koti moja kubwa kutoka mtumbani halitoshi peke yake. Vaa fulana inayobana ambayo si ya pamba, juu yake sufu au flisi, kisha koti lisilopitisha upepo. Pamba ikilowa jasho inabaki mbichi na kukupoza. Viatu viwe na nafasi ya soksi nene; kiatu kinachobana huzuia damu na miguu huganda hata kwenye buti la bei kubwa. Barafu nyeusi haionekani kwenye lami. Tembea hatua fupi, unyayo mzima chini, mikono nje ya mifuko. Ndani hita hukausha hewa mpaka midomo inapasuka na pua zinatoka damu. Mafuta mazito ya kupaka, yale ya kopo, ndiyo dawa, usiku kabla ya kulala.

Gari lina masharti yake. Usimwage maji moto kwenye kioo chenye barafu: kioo kitapasuka. Tumia kikwanguo, na ukiegesha usiku inua waipa juu zisigande. Tangi lisishuke chini ya nusu. Ukikwama kwenye theluji na unataka kuwasha injini upate joto, shuka kwanza uondoe theluji kwenye bomba la moshi. Likiziba, gesi ya sumu isiyo na harufu inarudi ndani na inaua. Kwa sababu hiyohiyo jiko la mkaa halipikiwi ndani wala gereji, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Nyumba za kwetu zinapumua kupitia nondo na matundu ya hewa, za huku zimezibwa kila upenyo ili joto lisitoke. Nyama choma ni ya nje, na kwenye maghorofa mengi hata kibarazani ni marufuku.

Ukikaa kwenye nyumba ya kupanga, usizime hita unaposafiri kuokoa bili. Iache nyuzi 13 angalau, la sivyo mabomba yanaganda, yanapasuka, na bili ya fundi utaikumbuka. Theluji ikianguka, mwenye nyumba au mpangaji hutakiwa kuifyeka kwenye njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba, na mji ukitangaza dharura ya theluji magari yanayozuia katapila huvutwa. Angalia vibao vya mtaa wako kabla ya kulala.

Machipuko na kiangazi huja na tonado. Ving'ora hujaribiwa Jumamosi moja kwa mwezi saa sita mchana, kwa hiyo usikimbie ukivisikia mbingu ikiwa safi. Vikilia siku yenye wingu zito la kijani, shuka chini ya ardhi au kwenye chumba cha ndani kisicho na dirisha. Hakuna kutoka nje kupiga picha, ingawa majirani watafanya hivyo.

Vitu vidogo vinavyogharimu

Bei kwenye rafu si bei ya kulipa. Kwetu VAT imo ndani. Huku kodi ya mauzo, asilimia 7 mjini Des Moines, huongezwa kaunta. Chakula cha kupika nyumbani hakitozwi, kilichopikwa kinatozwa. Mgahawani ongeza asilimia 18 hadi 20 kwa mhudumu. Si hisani: sheria ya Iowa inaruhusu mhudumu anayepokea bakshishi alipwe dola 4.35 kwa saa, na kilichobaki kinatoka kwako. Kwenye kahawa ya kubeba, skrini nayo itakuomba asilimia 20, na hapo unaweza kugusa sifuri bila dhambi.

Makopo na chupa za soda na bia zina amana ya senti tano, unayolipa ukinunua na kurudishiwa ukipeleka kituoni. Aliyekua akirudisha chupa za soda dukani kwa Mangi ataelewa. Usiyabonde, mashine husoma alama ya ubavuni. Chupa za maji matupu hazina amana.

Umeme ni volti 120. Chaja ya simu au ya kompyuta iliyoandikwa 100–240V inahitaji adapta ya soketi tu. Pasi au birika la kwetu la volti 230 halitaungua, ila litatoa kama robo ya joto lake, na chai utaingoja mpaka hamu iishe. Hatari iko kinyume chake: birika la Marekani ukilibeba zawadi na kulichomeka Dodoma linakufa mara moja, pengine kwa cheche.

Kupiga simu nyumbani, Dodoma iko mbele saa tisa majira ya baridi na saa nane kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, wakati saa za huku zinasogezwa. Ukiamka saa kumi na mbili asubuhi ya Januari, kwa mama ni saa tisa alasiri. Jua nalo halina nidhamu ya kwetu. Desemba linazama saa kumi na moja kasorobo jioni. Juni ni karibu saa tatu usiku, na anayeswali Isha atalala amechelewa.

Kama una uhuru wa kuchagua mwezi, chagua Agosti, wakati sisi tuko Nzuguni kwenye Nanenane. Iowa State Fair ni Nanenane yao: siku 11, zaidi ya watu milioni moja katika miaka ya kawaida, ng'ombe wa mashindano, matrekta, na ng'ombe aliyechongwa kwa siagi ndani ya friji la kioo, utamaduni wa tangu 1911. Nunua tiketi mapema mtandaoni, ni rahisi kuliko getini. Usiende na gari hadi mlangoni. DART huweka mabasi kutoka maegesho ya pembeni. Fika saa tatu asubuhi, tazama mabanda ya mifugo kabla joto halijapanda, kwa sababu ekari zote zile za mahindi hupumua maji na hewa ya Agosti inakuwa nzito kama Tanga. Na ukisikia njaa, mahindi ya kuchoma yapo, yamechovywa siagi mpaka kishikio.